Abiria wa Dubwana la Lumera

Haya niliyaona mwenyewe, tena nikiwa kazini, kwa hiyo naomba msinitilie shaka. Nchi yenyewe siitaji jina, si kwa woga, ni adabu tu. Inatosha mjue kwamba ina bendera, ina wimbo, na ina ziwa kubwa liitwalo Lumera. Katikati ya ziwa hilo kuna kisiwa cha Itonya, chenye watu elfu moja na mia mbili, zahanati isiyo na mganga, na mashine moja ya kusaga mahindi.

Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Utalii. Waziri wetu, Mheshimiwa Dokta Filbati Ntamwe, alisafiri kwenda Skandinavia kuhudhuria mkutano wa siku tano kuhusu vyoo vya shule. Siku ya pili wenyeji walimpeleka kutembea kando ya ziwa moja la huko, wakamwonyesha jiwe la kale lenye maandishi na kumsimulia hadithi yake. Mkutanoni hakurudi tena.

Hadithi hiyo aliileta Bungeni.

"Waheshimiwa wabunge," alisema, "hapo kale mazimwi mawili yalikuwa yakichemsha sufuria kando ya ziwa lile. Yalichemsha miaka na miaka. Siku moja sufuria ikaguna, ikalia, akaruka humo mnyama mwenye mwili mweusi kama nyoka na kichwa kama cha paka, akazama ziwani. Akala, akakua, hata akakizunguka kisiwa kizima na kuuma mkia wake mwenyewe. Ndipo mtu mmoja mwenye elimu akachonga jiwe lenye maneno ya kumfunga. Atakaa amefungwa hivyo mpaka atokee mtu wa kuyasoma maneno hayo yote."

Alikunywa maji, akashusha sauti.

"Sasa najiuliza. Nchi ile ina baridi, haina jua, haina ndizi, lakini ina dubwana. Picha yake iko kwenye vikombe, kwenye kofia, hata kwenye soksi za watoto. Sisi tuna jua, tuna ndizi, tuna ziwa. Dubwana letu liko wapi?"

Wabunge waliinamisha vichwa kwa aibu. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamepitisha Sheria ya Kulihifadhi Dubwana. Kifungu cha nne, ambacho nilikipiga chapa kwa mikono yangu, kilisema: "Mtu yeyote hataligusa, hatalizuia, hatalikanusha wala hatalivuka Dubwana." Anayelivuka angenyongwa. Kwa kuwa jedwali la pili lilieleza kwamba Dubwana limeizunguka Itonya, kila aliyetoka Itonya alikuwa analivuka. Boti zote zikafungwa minyororo. Mnara wa simu nao ukazimwa, kwani wataalamu walibaini kwamba unaliumiza Dubwana kichwa.

Jiwe nalo lilipatikana. Hatukuwa na herufi za kale zisizosomeka, hivyo kamati ilimwomba daktari mmoja mstaafu aandike ukurasa mzima kwa mwandiko wake wa kawaida, fundi akauchonga kama ulivyo. Hata daktari mwenyewe alipoulizwa ameandika nini, hakuweza kusoma. Waziri alifurahi sana.

*

Sheria ilitangazwa redioni siku ya Jumatano. Jumanne, siku moja kabla, mtu aitwaye Selestini Budodi alikuwa amevuka kwenda Itonya kubadilisha bearingi za ile mashine ya kusaga. Alikuwa fundi wa injini, mrefu, mwenye maneno machache. Nyumbani kwake Nyakasenge, upande wa bara, alimwacha mkewe Nyanjige akiwa na mimba ya miezi minane.

"Kesho mchana nitakuwa nimerudi," alimwambia. "Usichote maji. Ndoo niachie mimi."

Jumatano mchana alishuka gatini na sanduku lake la spana. Badala ya boti akakuta meza, mwavuli, na kijana mmoja aliyevaa sare mpya yenye picha ya paka mwenye shingo ndefu. Kijana huyo alikuwa Tadei Mfaume, Afisa Mlinzi wa Dubwana, na alikuwa ameletwa asubuhi hiyo kwa boti ya serikali. Boti ya serikali haihesabiwi kuwa imelivuka Dubwana, kwa sababu hutembea kwa heshima.

"Naomba kuvuka, afande," alisema Selestini. "Mke wangu anakaribia kujifungua."

Tadei alifungua daftari. "Umeliona Dubwana?"

"Sijaliona."

"Kutoliona ni dalili ya kulikanusha. Anayelikanusha hasafiri mpaka uchunguzi ukamilike."

Selestini alirudi kwa Mama Kokugonza, mwenye mashine, akalala kwenye magunia. Alhamisi alishuka tena.

"Afande, nimeliona."

"Hongera!" Tadei aliinuka akampa mkono. "Basi wewe ni shahidi wa taifa. Shahidi haruhusiwi kwenda mbali na tukio."

"Sasa nifanye nini ili niende nyumbani?"

"Omba kibali makao makuu."

"Makao makuu yako wapi?"

"Bara."

Selestini aliniambia baadaye kwamba alitaka kumpiga kijana yule, ila aliona kola ya shati la Tadei imeanza kuchafuka, na mfukoni mwake mnachungulia mswaki.

"Wewe umeletwa kwa muda gani, afande?"

"Wiki moja," alisema Tadei, kisha akainamia daftari lake.

*

Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi minne. Tadei alisahauliwa. Kila barua aliyoiandika kuomba likizo ilirudishwa na boti ya serikali ikiwa na mhuri: *Dubwana halina likizo.* Mwishowe akawa anakula kwa Mama Kokugonza pamoja na mfungwa wake, na kufua shati lake kila baada ya siku moja.

Kisiwani chumvi iliisha kwanza, kisha sabuni, kisha dawa za malaria. Watu waliozika walizika bila ndugu zao wa bara. Mama Kokugonza, mjane wa miaka sitini aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa na dada yake mgonjwa kule Nyakasenge. Kila asubuhi alisimama mlangoni, akatazama ng'ambo na kusema, "Leo bado yu hai," kana kwamba anamsikia akipumua.

Selestini alipanda kilima kila siku saa za jioni, akatafuta paa la nyumba yake kati ya mapaa yaliyokuwa madogo kama vipande vya bati. Alijua mtoto amekwishazaliwa. Hakujua kama ni wa kike au wa kiume, wala kama mama yake alipona. Siku moja alimuuliza Tadei, "Hivi mtu akiogelea kuanzia hapa, anafika?"

"Usiseme hivyo, fundi," Tadei alimjibu. "Nitalazimika kuandika."

Siku chache baadaye boti ya serikali ilileta bahasha ya siri kutoka kwa Waziri. Tadei aliifungua mezani kwa Mama Kokugonza, akaisoma, rangi ikamtoka. Ilikuwa na mistari miwili: *Mheshimiwa Rais anakuja Nyakasenge Jumamosi ya tarehe ishirini kuliona Dubwana. Lionekane.*

"Lionekane," alirudia Tadei. "Mimi nitalitoa wapi?"

Mama Kokugonza alikuwa akichambua maharage. "Fundi huyu hapa," alisema. "Mapipa matupu thelathini yako gatini. Turubai jeusi la mahindi ninalo. Injini ya mashine yangu ichukueni."

"Mama, ukiitoa injini watu watasaga na nini?" aliuliza Selestini.

"Watatwanga. Zamani tulikuwa tunatwanga." Aliweka ungo chini. "Lakini tumbo la huyo mnyama ulifanye kubwa. Na kabla sijasahau: hiyo sheria yenu inasema nini kuhusu mtu akilizuia likiwa safarini?"

Tadei alikisoma kifungu cha nne kwa sauti. Alipofika kwenye "hatalizuia" akanyamaza. Akakisoma tena, safari hii polepole. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu afike Itonya akacheka.

*

Tarehe ishirini ilipowadia nilikuwa jukwaani Nyakasenge na daftari langu la kumbukumbu. Rais alikaa katikati. Kushoto kwake alikaa mgeni wa heshima kutoka mji ulio kando ya ziwa lile la Skandinavia, bibi mmoja mwembamba mwenye nywele nyeupe aitwaye Ingegerd, aliyekuwa mwalimu wa historia kwao. Maelfu ya wananchi walisimama juani tangu saa moja asubuhi. Nyanjige alikuwa miongoni mwao, amembeba mgongoni binti wa miezi mitatu ambaye bado hakuwa na jina, kwani kwao jina hutolewa na baba.

Waziri Ntamwe alihutubia saa nzima. Alisema Dubwana ni utu wetu, ni uchumi wetu, ni uti wa mgongo wetu, na kwamba nchi isiyo na dubwana ni nchi iliyo uchi. Alipokuwa anafika kwenye uchi huo, ngurumo ilisikika ziwani.

Nakiri niliangusha kalamu. Lilikuja kutoka Itonya, jeusi, refu kuliko mabasi matatu, nundu kumi na mbili zikipanda na kushuka juu ya mawimbi, mbele yake kichwa kama cha paka chenye macho ya vioo vya taa za lori. Lilinguruma hasa kama mashine ya kusaga, na kwa nyuma likatoa moshi. Watu walipiga mayowe. Rais alisimama, kwa hiyo sote tulisimama.

Amri ya Waziri, iliyofuata ile bahasha, ilikuwa lizunguke mara mbili kule kule katikati ya maji kisha lirudi. Halikuzunguka. Lilikuja moja kwa moja. Boti ya doria iliyokuwa mbele yake ilisita. Nahodha akakumbuka kifungu cha nne, akapisha, mabaharia wakapiga saluti. Dubwana likapita mbele ya jukwaa likamlowesha Rais viatu, likakata kona na kuingia kwenye matete ya ghuba. Hapo likanyamaza.

Bibi Ingegerd alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Alisema maneno mengi kwa lugha yake akionyesha kidole kwenye maji. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mkalimani wake, na baadaye aliniambia kwa siri kwamba bibi yule alisema: "Kwetu ni hadithi tu, meli zinapita kila siku. Kwa nini hawa watu wenu hawavuki?"

"Anasemaje?" aliuliza Rais.

"Anasema, Mtukufu, la kwetu ni kubwa kuliko la kwao," alijibu mkalimani.

Makofi yalidumu dakika sita. Niliyapima.

*

Kwenye matete, huku makofi yakiendelea, watu kumi na wanne walikuwa wanatoka tumboni mwa Dubwana mmoja mmoja, vifurushi kichwani, wakijichanganya na umati. Mama Kokugonza alitangulia. Hakuaga mtu, alikwenda mbio kwa dada yake. Wa mwisho alikuwa Selestini, mweusi kwa oili mpaka masikioni.

Alimkuta Nyanjige ameshafika nyumbani, ameketi kizingitini akimnyonyesha mtoto. Alimtazama mumewe kuanzia miguuni mpaka utosini.

"Boti zimefungwa," alisema. "Umepitia wapi?"

"Usiniulize njia, mke wangu. Ukiulizwa, uweze kuapa kwamba hujui."

Nyanjige alinusa shati lake. Harufu ya injini ile aliijua. Kabla ya kuolewa alikuwa akipanga foleni ya kusaga Itonya. Macho yake yalikwenda ziwani, yakarudi.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Nililipigia makofi."

"Ni nini?" aliuliza Selestini, akimaanisha mtoto.

"Msichana. Hana jina."

Selestini alinyoosha mikono, akaona ilivyo michafu, akairudisha. Nyanjige akamwekea mtoto mapajani hivyo hivyo, na nguo nyeupe ya mtoto ikapata alama za vidole ambazo hazikutoka tena. Selestini alimpa jina la mama yake, Sumbuka. Kisha akainuka, kwani Dubwana tupu likikutwa kwenye matete, wote waliolipanda wangenyongwa pamoja na Tadei. Alirudi kulificha ndani zaidi, akalifunika kwa matete mabichi.

*

Rais alipendezwa. Iliamriwa Dubwana lionekane kila Jumamosi saa nne kamili. Basi kila Jumamosi alfajiri Selestini alilipeleka Itonya likiwa na chumvi, sabuni na dawa tumboni, akapakia watu kumi na wanne, kisha akalileta mbele ya jukwaa likinguruma. Jioni liliwarudisha waliotaka kurudi. Kwenye orodha za Wizara dizeli yake iliandikwa "chakula cha Dubwana", na mimi ndiye niliyeandika, maana niliambiwa niandike. Mwaka mzima Itonya iliishi hivyo. Mwanamke mmoja alijifungua ndani ya nundu ya tano. Hakuna aliyesema neno, na kila mtu alijua, isipokuwa wale waliokuwa na cheo cha kujua.

Nyanjige ndiye aliyechoka kwanza. "Unaishi kama mwizi," alimwambia mumewe. "Kila mtu anakwenda kuliona na mumewe. Mimi naulizwa, Baba Sumbuka yuko wapi? Nasema anaumwa. Kila Jumamosi unaumwa."

"Nikiacha, wale watavuka na nini?"

Jumamosi iliyofuata Nyanjige alisema tena kwamba mumewe anaumwa.

Kisha Wizara ikagundua kwamba watu wanapungua jukwaani. Ikatungwa Sheria ya Kushuhudia: kila mkazi wa Nyakasenge afike kila Jumamosi, atie sahihi, atazame. Baada ya miezi saba walipitia daftari, wakakuta jina moja halina sahihi hata moja. Selestini Budodi, fundi, Jumamosi thelathini na moja.

Walimchukua Jumatatu akiwa anatengeneza pampu.

*

Mahakama ilijaa. Hakimu, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimuuliza: "Mshtakiwa, Jumamosi zote hizo, Dubwana likiwa linapita mbele ya taifa zima, wewe ulikuwa wapi?"

Niliinua kalamu. Watu walikuwa wanne tu mahakamani wasiojua jibu, nao ni hakimu, mwendesha mashtaka na askari wawili. Waliobaki, mamia, walikuwa wamevushwa, au ndugu zao walikuwa wamevushwa. Kama angesema kweli, angeokoka shtaka hili na kunyongwa kwa jingine, na Itonya yote pamoja naye.

"Nilikuwa nimelala, mheshimiwa."

"Jumamosi thelathini na moja?"

"Nina usingizi mzito."

Shahidi wa serikali alikuwa Tadei Mfaume, aliyeletwa kwa boti ya serikali. Hatimaye alikuwa amefika bara, akiwa na karatasi ya kumrudisha kisiwani saa kumi. Aliulizwa kama amewahi kumwona mshtakiwa akilitazama Dubwana.

Tadei alishika ukingo wa kizimba. "Sijawahi," alisema, na machozi yakamdondoka. Hakimu aliandika kwamba shahidi aliguswa na uzalendo.

Hukumu ilikuwa ya huruma. Selestini hakufungwa. Aliamriwa kwa miaka mitatu kukaa kila Jumamosi kwenye kiti cha mbele kabisa, chenye jina lake, askari ubavuni, alitazame Dubwana mpaka litakapozama.

"Umeelewa?" aliuliza hakimu.

"Nimeelewa, mheshimiwa," alisema. "Ila naomba unipe kifungo cha kawaida."

Watu walinong'ona. Hakimu alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema kwamba mtu wa namna hii ndiye hasa anayehitaji kuliona.

*

Jumamosi iliyofuata nilikuwa mahali pangu. Selestini alikuwa kiti cha mbele, Nyanjige kushoto kwake, Sumbuka mapajani, askari kulia. Lilikuwa jua safi lisilo na ukungu. Ng'ambo, kwenye gati la Itonya, palionekana rangi za kanga. Watu wamesimama na mizigo yao tangu alfajiri, wakisubiri. Mmojawao alikuwa Mama Kokugonza, aliyekuwa amekwenda kukomboa shamba lake na sasa anarudi kwa dada yake, ambaye wiki ile hakuwa akiongea tena.

Saa nne ilifika. Ziwa lilikuwa tupu. Saa nne na dakika tano, tupu. Waziri Ntamwe alitazama saa, akatazama maji, akatazama nyuso za wageni wa siku ile, mabalozi wawili. Jasho lilimtiririka shingoni. Selestini alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, mikono yake imeshika magoti kana kwamba imeshika usukani.

Ndipo Waziri akasimama, akanyoosha mkono kuelekea mahali pasipo na kitu.

"Lile pale!" alisema, akaanza kupiga makofi.

Kwa kitambo alipiga peke yake. Kisha mabalozi wakapiga, kwa adabu. Kisha safu ya pili, kisha ya tatu, kisha Nyakasenge nzima, makofi kama mvua juu ya mabati. Mama mmoja alizirai, kama ilivyo desturi. Waziri alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetua mzigo, na nilijua, kwa kuwa namjua, kwamba hataagiza dizeli tena.

Askari alimwinamia Selestini. "Piga makofi, fundi. Wanaandika."

Kweli nilikuwa naandika: *Dubwana limeonekana saa nne na dakika saba, likiwa na afya njema.* Selestini alinitazama, akatazama ng'ambo. Nyanjige alimshika mkono mmoja, akauweka juu ya mwingine, akaugonganisha, mara moja, mara mbili, mpaka mikono ikaanza kwenda yenyewe.

Kule gatini walisikia makofi yakivuma juu ya maji. Wakajua Dubwana linakuja. Wakainua mizigo yao kichwani.